Mukono wa Musalaba wa Ossenbeke

Siku ya kwanza niliingia mu atelier ya Molenbeek, karakana ya mawe hapa Brussels, karibu na canal, walikuwako wanne, na nitawataja wote. Wa kwanza Patron Roger, mwenye atelier, fundi wa mawe, mwana wa fundi wa mawe. Wa pili Jef, Muflama, Mubelgiji wa kusema Kiflama, mwenye kuendesha camionnette na kuchanganya chokaa; alikuwa ameoa dada mudogo wa Patron, donc hao wawili walikuwa mashemeji, na waligombana kama mashemeji. Wa tatu Yaya Béatrice wa Saint-Josse (kwetu yaya ni dada mukubwa), anayeuza unga wa muhogo na samaki wakavu. Si ndugu yangu wa tumbo moja, lakini kule Lubumbashi tulikaa avenue moja na tuliimba kwaya moja, na ni yeye alinishika mukono kunileta. Wa nne Poilu, imbwa ya Jef, aliyelala juu ya mifuko ya chokaa mpaka akawa mweupe kabla ya kuzeeka.

Fatuma, fundi mwenzetu wa baadaye, hakuwako bado; wakati ule alikuwa mutoto wa masomo kule Bujumbura. Ni yeye sasa ananisukuma: "Bibi Véro, umeacha kazi, sawa, lakini wapya wanaingia na hawajui kitu. Andika."

Nikamwambia, miye nilisoma mpaka ya tatu primaire tu.

"Na waliochonga misalaba ya mawe tunayoitunza," akasema, "walifika ya ngapi?"

Bon. Naandika. Mambo ya mushahara na ya vyeo sitayagusa, hayo yana ofisi yake.

Nilikuja kufagia. Musidhani muntu aliniita kwa sababu ya ujuzi. Atelier ile ilikuwa na kazi moja tu: kutunza misalaba ya mawe ya zamani sana, ile inasimama kando ya barabara mu vijiji, mu njia panda, pembeni ya mashamba ya viazi. Ilichongwa zamani za wafalme wa panga na farasi. Mingine iliwekwa ili musafiri asimame asali. Mingine ilionyesha mupaka wa parokia, na mingine mahali muntu aliuawa. Miye nilifikiri Ulaya kila kitu cha zamani kimefungwa ndani ya kioo. Kumbe kingine kinanyeshewa na mvua, na ng'ombe anajikuna juu yake.

Siku moja Patron Roger aliniona napangusa meza. Akaweka mbele yangu kipande cha jiwe, chote kijani kwa ukungu.

"Maman Véro, hiki utakiosha na nini?"

"Na savon noir, sabuni nyeusi," nikasema, "na paille de fer, nyuzi za chuma za kusugulia sufuria."

Jef alicheka mpaka kahawa ikamutoka puani. Patron hakucheka. Akasema: "Sufuria unaisugua ili ingae. Jiwe unaliosha ili lipumue. Maji kwanza, kisha mukono, chuma ya mwisho kabisa." Akanipa brashi ya manyoya ya nguruwe, sifongo, na vijiti vya bambu alivyochonga yeye mwenyewe. Kisha akasema nifumbe macho, nipitishe kidole juu ya jiwe, nimwambie mahali fundi wa zamani alipumzisha patasi yake. Nikafumba. Mwanzoni nilisikia jiwe tu, baridi. Akanirudisha kesho yake, na kesho yake tena, mpaka nikaanza kusikia: hapa patasi ilishuka, hapa ikasimama, hapa fundi alichoka ao aliitwa kula. Nyinyi munaoanza, musikimbilie macho. Macho yanapenda kusema uongo wakati wa jua kali. Kidole hakina haraka.

Tangu siku ile mufagio ukapata mwenyewe mwingine. Mwenyewe mwingine alikuwa Jef, na alinuna wiki nzima.

Niseme kidogo juu ya vyombo, kwa sababu naona wapya wananunua vitu vingi. Brashi laini, sifongo, kijiti cha bambu, nyundo ya mbao, patasi zenye makali. Hivyo vinatosha kuanza. Kwa chokaa nitawaambia nilivyoielewa miye: ni kama bukari, ugali wetu. Ukimwaga maji mengi umepika uji, ukitia kidogo itakukatalia mu mukono. Na kama vile bukari, haipikwi na muntu mwenye kuangalia telefone. Jef hakupenda mufano huu. Siku moja nilimwalika nyumbani kwangu Ganshoren, nikamupa mwiko, nikamwambia asonge. Alitoka jasho. Tangu pale alikubali.

Safari ya kwanza tulienda kuosha musalaba mufupi, munene, mu kona ya shamba. Jef akaniambia Waflama wanauita zoenkruis. Sasa, neno zoen nililijua. Mwenye kuuza maua sokoni alinifundisha: ni busu.

"Jef, wanaubusu?"

"Ndiyo, maman. Kila mwenye kuuosha anabusu kwanza. Ni heshima."

Nikabusu. Jiwe lilikuwa na ladha ya shamba. Nilipogeuka, Jef alikuwa amejificha nyuma ya camionnette, mabega yanatikisika, na Patron anamutukana kwa Kifaransa safi. Kisha Patron akanieleza: zamani zoen ilikuwa mapatano. Muntu ameua mwenzake, anapatana na jamaa ya marehemu, anasimamisha jiwe mbele yao ili damu isiendelee kudai damu. Nikamwambia, kwetu pia maneno matupu hayamalizi damu, watu wanakaa chini, wanakula pamoja. Hapa walichonga jiwe. Njia mbili, mulango mmoja.

Miaka ikaenda. Nilikutana na kesi ngumu. Kulikuwa musalaba mumoja umemezwa na muti wa tilleul. Muti ulikua ukaukumbatia mpaka uso wake tu ukatokea ndani ya gome. Wenye kijiji walitaka tukate muti. Patron akazunguka muti asubuhi nzima, mikono nyuma, kisha akasema: "Hawa wameoana. Miye si tribunal ya kuwatenganisha." Tukaosha uso, tukaenda. Kulikuwa mwingine wenye nyuki ndani ya ufa. Tulingoja nyuki wahame, na Jef kila Jumatatu alisema amewaona wanafunga mizigo.

Fatuma alifika wakati huo, muislamu wa Bujumbura, mwenye mikono ya fundi kuliko sisi wote. Siku ya kwanza nikamuuliza: "Baba yako anajua unaosha misalaba?"

"Anajua, Bibi. Amesema kazi ni kazi, jiwe ni jiwe, ila nisibusu."

Jef akaangalia viatu vyake.

Sasa nifike Ossenbeke, kwa sababu hiyo ndiyo kesi Fatuma anataka niandike, na miye pia.

Ossenbeke ni kijiji kidogo magharibi mwa Brussels, vilima na ng'ombe. Mu njia panda yake kunasimama musalaba murefu kuliko muntu, wa jiwe jeupe, na pembeni yote imechongwa kamba, kama vile jiwe limefungwa. Lakini mukono wa kushoto haukuwako. Ulivunjika zamani, hakuna muntu mu kijiji aliyeuona. Na commune, baraza la pale, ilitaka kupanua barabara.

Madame Hilde, mwenye kuangalia vitu vya zamani pale commune, alikuja na viatu vyake vyembamba ndani ya matope, akatueleza bila kuzunguka. Musalaba muzima unalindwa pale pale unaposimama, na barabara itaupisha. Musalaba nusu unahesabiwa kipande, na kipande kinaenda depo, mu stoo ya kufungwa. Patron akauliza: tukichonga mukono mupya? Hapana, mupya hauhesabiwi, lazima jiwe lake mwenyewe. Kikao cha commune kilikuwa mwisho wa wiki ile.

"Madame, unataka uende depo?" Patron akamuuliza.

"Nataka munilazimishe nisiupeleke," akasema. Alikuwa muntu mwema aliyefungwa na sheria, na hao wapo.

Mbele ya musalaba, ng'ambo ya barabara, alikaa Bomma Maria. Bomma ni nyanya kwa Kiflama cha huko. Alikuwa na miaka mingi na meno machache, na tangu tuanze kuosha musalaba ule alituletea kahawa kila asubuhi bila kuuliza kama tunataka. Siku ile hakuleta kahawa. Alikuja mikono mitupu, akasimama mbele ya Patron, na Jef akatutafsiria. Kaka yake mukubwa, Frans, alienda vita akiwa kijana, hakurudi, na hana kaburi popote. Mama yao ndiye alianza kuweka maua chini ya musalaba ule, sababu muntu lazima awe na mahali. Mama akafa, Bomma Maria akaendelea. Kila kitu alimwambia Frans pale: ndoa, watoto, bei ya maziwa.

"Mukiupeleka depo," akasema, "miye nitapiga hodi wapi? Nimwambie gardien wa mulango, fungua, nataka kusema na kaka yangu?"

Patron alichukua koleo. Yeye na Fatuma wakaanza kuchimba kuzunguka mguu wa musalaba, labda mukono ulianguka ukafunikwa. Jef akasema vijiji vinakula mawe yao wenyewe, watu wanayajengea nyumba, donc tuulize nyumba kwa nyumba: yeye barabara ya juu, miye ya chini.

"Lakini Jef, miye Kiflama sina."

"Utasema neno moja tu, maman. Waar is de arm van het kruis? Mukono wa musalaba uko wapi? Rudia."

Nikarudia mpaka akaridhika, nikaenda.

Sasa, nyinyi wenye kusema lugha yetu munajua ulimi wetu. Haupendi neno lifungwe mulango nyuma. Jef mwenyewe, Yaya Béatrice alimwita Jefu tangu siku ya kwanza na hakuna aliyemusahihisha. Basi, nyumba ya kwanza nilisema vizuri. Yule mama akatikisa kichwa. Nyumba ya pili imbwa alinifukuza, na nadhani ni pale niliangusha ile "van het kruis", sikuirudia kuiokota. Na "arm", kutembea kutembea, ikajiongezea kairabu kadogo nyuma, ikawa "arme".

Nikafika kwa muzee Wannes, mwenye mabata bukini. Mabata yalipiga kelele, yeye akatoka.

"Waar is de arme?" nikamuuliza, na heshima zote.

Akaniangalia. Nilivaa buti za matope, koti jeupe kwa chokaa, kitambaa kichwani kimelowa. Akavua kofia. Akaingia ndani, akarudi na mukate, fromage, jibini yao, na mayai ya kuchemsha ndani ya karatasi, akaniwekea mikononi. Kisha akanyosha kidole pole pole nyuma ya kanisa, kama unavyomwonyesha muntu mugonjwa njia ya dispensaire.

Nikasema kimoyomoyo: hawa Waflama watu wanasema ni wagumu! Unauliza njia, wanakupa na chakula.

Nyuma ya kanisa nikakuta nyumba fupi ya matofali, paa limelala kidogo, mulango umefungwa, dirishani unaona viti vibovu vya kanisa. Nje, kando ya mulango, benchi ya jiwe juu ya matofali. Nikaangalia chini, nikaangalia ukutani, hakuna mukono. Nikachoka. Na chakula nilikuwa nacho. Kwetu, muntu mukubwa hali akitembea. Wamekupa chakula, tafuta mahali ukae, uheshimu aliyekupa. Basi nikakaa juu ya benchi, nikafungua karatasi, nikamenya yai.

Nilishika ukingo wa benchi ili nisogee kidogo, vidole vikaenda chini yake. Vikasimama.

Kamba.

Niliweka yai juu ya karatasi. Nikafumba macho. Nikapitisha kidole: patasi ilishuka, ikasimama, ikageuka kidogo kushoto. Nilikuwa nimeuosha musalaba ule siku nyingi, mukono wa yule fundi nilikuwa naujua kama sauti ya jirani. Ni yeye. Nilikuwa nimekalia kazi yake.

"Jefu! Jefu we! Jefuuu!"

Mabata ya Wannes yakajibu kwanza. Kisha Jef akatokea anakimbia, uso mwekundu, anadhani nimeanguka.

"Maman Véro! Umevunjika?"

"Miye sijavunjika. Huyu ndiye alivunjika. Nimemukalia."

Jef akapiga magoti mu matope, akaangalia chini ya benchi, akatukana kwa lugha zote alizokuwa nazo. Kisha akainua kichwa. "Lakini nani alikutuma hapa? Hii nyumba hakuna anayekuja."

"Muzee wa mabata. Nilimuuliza vile ulinifundisha. Waar is de arme."

Jef akakaa chini kabisa. "De arme? Maman! De arm ni mukono. De arme ni masikini! Umemuuliza masikini yuko wapi!" Akanyosha kidole kwenye mulango. "Na hapa ni armenhuis. Zamani kijiji kilikuwa kinalaza masikini wake hapa."

Nikaangalia mukate. Nikaangalia mayai.

"Donc haya mayai ni ya masikini?"

"Ndiyo, maman."

"Bon," nikasema, "masikini yuko hapa, na hajashiba bado." Nikamalizia yai langu. Jef alicheka mpaka akalia, na safari hii nilicheka naye.

Patron alipofika alitazama sana, kisha akasema zamani musalaba ulipovunjika, lazima muntu aliona si vizuri jiwe lile likanyagwe, akawapa wasio na kitu wakalie. Inawezekana. Miye napenda iwe hivyo, lakini sina shahidi.

Kesho yake Madame Hilde alikuja kushuhudia. Tulivuta jiwe na palan ya kuinua mizigo, mikanda minene, Jef anashika mnyororo, Fatuma anaongoza, Patron anatoa amri kwa vidole tu. Mapande yote mawili nilikuwa nimeyaosha miye, maji na mukono, bila chuma. Mukono ukapanda pole pole, ukazunguka hewani, ukateremka karibu na bega lake. Mahali palipovunjika pakakutana na mahali palipovunjika, jino ndani ya jino. Ikasikika sauti ndogo, tok, kama mulango mzuri unavyofungwa. Madame Hilde akatafuta nafasi na ukucha wake, hakuipata.

Alisimama pale na viatu vyake vilivyoharibika. "Voilà," akasema. "Mumenilazimisha." Akainama akafunga kamba ya kiatu, ilichukua muda murefu kwa kiatu kisicho na kamba.

Kikao kilipokaa, barabara ilihukumiwa kujikunja.

Tulipofunga kazi, chokaa imekauka, vyuma vya kushikilia vimetolewa, kijiji chote kilikuja. Muzee Wannes alikuja kwangu, kofia mukononi, Jef akitafsiri. "Madame, unisamehe. Nilidhani wewe ni..."

"Papa Wannes," nikamukatiza, "usiombe musamaha. Bila mayai yako nisingekaa. Bila kukaa, hakuna musalaba." Akafikiri, akavaa kofia, na tangu pale aliwaambia wote kwamba yeye ndiye aliupata mukono. Nilimuachia nusu.

Bomma Maria alikuja wa mwisho, na maua ya bustani yake, na mukongojo wake. Watu wakampisha. Akaangalia juu, mukono wa kulia, mukono wa kushoto, mukono wa kulia tena. Sisi wote tulingoja alie. Fatuma alikuwa tayari na kitambaa. Hakulia. Alipiga jiwe na mukongojo, kidogo, kama dada anavyomupiga kaka mwenye usingizi, akasema kwa sauti ambayo hata wa nyuma walisikia:

"Frans! Simama vizuri, watu wamekuja!"

Yaya Béatrice, aliyekuwa amekuja toka Saint-Josse na pagne yake, kitenge cha sikukuu, hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa. Akapiga vigelegele. Waflama wakaruka. Kisha mama mumoja akajaribu, akashindwa, akajaribu tena, na mwisho Ossenbeke nzima ilikuwa inapiga vigelegele vibaya kuliko vyote nimesikia maishani, na miye nilisimama katikati, mikono myeupe kwa chokaa, sikujua nicheke ao niimbe, nikafanya yote.

Hapo ndipo kazi yangu ilipo, nyinyi munaoanza. Bomma Maria amekwenda kulala karibu na mama yake, na Patron Roger pia amepumzika. Mujukuu wa Bomma ndiye anaweka maua, na nimeambiwa anamusemesha Frans mambo ya bei ya mazout, mafuta ya kupasha nyumba moto.

Sasa, Jef anasema ule musalaba wa nyuki ulikuja baada ya Ossenbeke, si kabla, na kwamba imbwa iliyonifukuza ilikuwa ya nyumba ya tatu. Inawezekana, miye nilikuwa nakimbia. Kama kuna jina nimeliweka mahali si pake, ao nimemusimamisha muntu ambaye siku ile alikuwa amekaa, muniambie tu, mupite Ganshoren, kahawa iko, nitafuta na kuandika tena. Lakini ule mukono, hapo musinisahihishe. Mushuke Ossenbeke, mufike mahali barabara inapojikunja bila sababu, muinue macho.